Lengo Moja ni la Nani?

Siku hizi hakuna neno lisifiwalo katika vyuo vyetu kuliko ushirikiano wa taaluma. Andiko la mradi lisilotaja mwanabiolojia, mchumi, mwanaisimu na mwananchi kwa pamoja huonekana pungufu, na mfadhili hulirudisha. Jambo lenyewe ni jema, wala sikukusudia kulipinga. Ziwa, maradhi na njaa havikugawanyika kwa kufuata milango ya idara zetu, na mtu ajuaye jambo moja tu aghalabu hulijua hilo moja vibaya. Nakusudia kupinga fundisho lililoota pembeni mwa jambo hili jema, ambalo sasa limeanza kulifunika kama magugu yafunikavyo mtama.

Fundisho hilo lasema hivi: ushirikiano wa taaluma huvunjika kwa sababu washirika wana matarajio mbalimbali, basi dawa yake ni kila mmoja aweke kando matarajio yake, na wote washike lengo moja. Husemwa katika warsha, hufundishwa wanafunzi wa shahada za juu, na huandikwa katika miongozo ya miradi kana kwamba ni amri isiyohitaji hoja. Nami nasema ni fundisho la uongo, na dawa yake ni kali kuliko maradhi. Tofauti ya matarajio haiui mradi kwa nguvu zake yenyewe. Kinachoua ni tofauti iliyofichwa. Na hilo liitwalo lengo moja, likichunguzwa kwa utulivu, mara nyingi huonekana kuwa lengo la mtu mmoja lililovishwa nguo ya wote.

Yafaa tuanze na historia ya wazo, maana si la jana. Mwaka 1970 wataalamu walikutana Nice, Ufaransa, chini ya Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo, miongoni mwao Jean Piaget na Erich Jantsch, wakajadili elimu ivukayo mipaka ya taaluma. Mwaka 1994 mkataba wa wazo hilo ulitolewa Arrábida, Ureno. Mwaka 2000 palifanywa mkutano mkubwa Zürich, Uswisi, na hapo ikatiliwa nguvu maana itumikayo sana leo: kwamba haitoshi wataalamu wa taaluma mbalimbali kukaa meza moja; sharti wakae pamoja na wale ambao tatizo ni lao, hata kama hawana shahada wala ofisi.

Kwa Kiswahili twauita utafiti mtambuka, na jina hili lina funzo. Kutambuka ni kuinua mguu na kupita juu ya kitu. Twaweza kutambuka mfereji tukafika ng'ambo tulikotaka. Na twaweza kumtambuka mtu aliyelala njiani, jambo ambalo wazee wetu hulihesabu kuwa utovu wa adabu. Mtafiti na ajiulize kila asubuhi anatambuka nini.

Neno tarajio nalo lina uzito wake. Mtu hutamani hata asichostahili, na tamaa yake haimfungi mwingine yeyote. Atarajiaye ni mtu aliyepewa sababu ya kungoja. Mvuvi aliyeziacha nyavu zake juani akakaa saa tatu kujibu maswali, anatarajia kwa kuwa ametoa. Mwanafunzi aliyekusanya takwimu za mwalimu wake mvua na jua, anatarajia kwa kuwa ameahidiwa. Ndani ya tarajio mna deni. Basi kumwambia mshirika aweke kando matarajio yake ni kumwambia mdai asamehe deni kabla hajaambiwa kiasi chake. Anayefurahia shauri hilo ni mdaiwa.

Nitatoa mfano wa Ziwa Victoria, kwa sababu ni letu, na kwa sababu habari za utafiti wake zimeandikwa kwa miaka mingi. Ziwa hili lina ukubwa wa zaidi ya kilometa za mraba 68,000, nalo ni la Tanzania, Uganda na Kenya. Mwaka 1927 na 1928 Michael Graham alilipima na kuuchunguza uvuvi wake. Katika taarifa yake ya mwaka 1929 alitoa onyo kwamba samaki mkubwa alaye wenzake asiletwe humo bila ya uchunguzi wa kina. Mwaka 1947 pakaanzishwa Jinja shirika la utafiti wa uvuvi la Afrika Mashariki. Hapo ndipo pande mbili za watumishi wa ziwa moja zilipoanza kutazamana kwa mashaka.

Upande mmoja walikuwako maofisa wa uvuvi, wale ambao watu wetu huwaita Mabwana Samaki. Hao waliwatazama samaki wadogo wengi waitwao furu, wakaona nyama kidogo na miiba mingi. Wakatarajia kwamba sangara akiletwa kutoka maziwa mengine atawala furu na kuwageuza kuwa nyama kubwa iuzikayo. Upande wa pili walikuwako watafiti waliohofu kwamba mlaji huyo akishiba furu hatauliza ruhusa ya kula wengine. Mwaka 1960 Geoffrey Fryer aliandika kumpinga sangara; mwaka 1961 Anderson akajibu kwa kumtetea. Lakini ushahidi uliokusanywa baadaye waonyesha kwamba samaki huyo alikwisha tiwa ziwani upande wa Uganda tangu mwaka 1954. Wataalamu walikuwa wakibishana kama mlango ufunguliwe, ilhali mgeni amekwisha kula chakula cha jioni ndani ya nyumba.

Tazama, ewe msomaji, kasoro ilikuwa wapi. Lau ungeliwauliza Bwana Samaki na mtafiti wa Jinja lengo lao, wangelijibu kwa sauti moja: ustawi wa uvuvi. Lengo lilikuwa moja, tena zuri, tena lenye kuandikika katika hati yoyote. Matarajio ndiyo yaliyokuwa mawili. Mmoja alingoja uzito wa samaki mizanini, na mwingine alingoja ziwa lisiloharibiwa kabla halijajulikana. Umoja wa lengo haukuzuia lolote. Ulifanya kazi ya pazia, na nyuma ya pazia hilo mwenye ndoo ya samaki alikwenda akaimwaga.

Tuendelee mbele miaka ishirini. Katika miaka ya 1970 furu walikuwa zaidi ya asilimia 80 ya uzito wa samaki wakaao karibu na sakafu ya ziwa. Huko Mwanza palijengwa kiwanda cha kuwasaga wawe chakula cha mifugo. Mwaka 1977 wakaja wanabiolojia wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, timu ijulikanayo kwa herufi za HEST, nao wakaanza kuwachunguza furu katika Ghuba ya Mwanza. Mwenye kiwanda alihitaji kujua ni tani ngapi zivuliwe. Mwanabiolojia alitaka kujua ilikuwaje ziwa moja likazaa aina zaidi ya mia tano za samaki wanaofanana kwa mbali na kutofautiana kwa karibu, huyu kwa taya, yule kwa meno, mwingine kwa rangi. Haja hizo mbili hazikuwa adui kwa lazima, lakini hazikuwa haja moja.

Katikati ya miaka ya 1980 sangara akaijaza Ghuba ya Mwanza, na furu wakatoweka katika nyavu mbele ya macho ya wale waliokuja kuwahesabu. Yakadiriwa kwamba aina zipatazo mia mbili zilipotea, ingawa baadhi ya furu walirudi kuonekana tangu miaka ya 1990. Mwaka 1985 wanabiolojia waliandika katika jarida la Nature juu ya kile walichokiita uharibifu wa uvuvi katika maziwa ya Afrika. Mwaka 1988 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa likachapisha uchunguzi wa Reynolds na Greboval juu ya athari za sangara katika uchumi na jamii, nao wakaona kwamba faida zake kwa watu wa ziwa ni kubwa. Ziwa ni lile lile, miaka ni ile ile: huyu aona msiba, na yule aona neema.

Nani alisema kweli? Wote wawili. Kipimo cha mmoja kilikuwa idadi ya aina za viumbe. Cha mwingine kilikuwa tani, ajira na kipato. Hawakuwa wa mradi mmoja, ndiyo maana walipingana hadharani, kila mtu kwa kalamu yake. Na jambo hilo lilikuwa bora! Ukiwaweka watu hao hao leo ndani ya mradi mmoja, ukawaambia washike lengo moja, ubishi ule hautasikika. Katika taarifa ya mwisho utasoma sentensi moja laini isemayo kwamba uvuvi endelevu unahitaji mizani baina ya mazingira na maendeleo. Sentensi hiyo haimwambii mtu lolote. Ni kaburi la ubishi wa maana, na juu yake pameandikwa maafikiano.

Hata hivyo, ubishi ule wa wasomi nao ulikuwa pungufu, maana yuko aliyeachwa nje ya chumba. Nasema juu ya mwanamke wa mwaloni. Furu walikaushwa kwa jua tu, wakauzwa kwa mafungu, na fungu lilinunulika kwa senti za mtu maskini. Sangara ni mkubwa, ana mafuta. Hataki jua, ataka moshi au kikaango, na vyote viwili vyataka kuni. Viwanda vya minofu vilipoenea katika miaka ya 1990, mnofu ukapanda ndege kwenda Ulaya, na mwanamke yule akabakiwa na vichwa na mifupa, vitu ambavyo Mwanza huitwa mapanki. Kipimo chake hakikuwa aina za viumbe wala tani. Kilikuwa bei ya fungu, na kama mtoto atalala amekula samaki. Swali hilo ni la kisayansi sawasawa na yale mengine mawili, lapimika, lahesabika, na lina jibu. Lilikosa tu mtu wa kulileta mezani.

Na mwaka 1999, Umoja wa Ulaya ulipowafungia soko samaki wa ziwa letu kwa tuhuma za uvuvi wa sumu, ikadhihirika kwamba alikuwako mshirika mwingine ambaye hakuwahi kutajwa: mlaji wa mbali, mwenye matarajio yake juu ya usafi wa sahani yake. Sauti yake moja ilitikisa mialo ya nchi tatu.

Kutokana na mfano huu twaweza sasa kuutazama mradi wa siku hizi. Ndani yake kila mshirika ana kalenda yake na mizani yake. Mwanasayansi wa maabara hungoja makala fupi yenye majina manane, nayo itoke kabla wengine hawajamtangulia. Mwanahistoria hungoja kitabu chenye jina lake peke yake, hata kikichukua miaka saba. Mchumi ataka sampuli kubwa, na mwanaanthropolojia ataka kukaa na nyumba kumi mwaka mzima. Ofisa wa serikali hungoja shauri liwe mezani kabla bajeti ya Julai haijapita. Mfadhili hungoja taarifa kila robo mwaka. Mwanafunzi hungoja shahada. Mvuvi hungoja kujua kwa nini sangara wamepungua, na aghalabu hungoja nyavu pia, maana mgeni aliyekuja kwa gari lenye nembo, akauliza habari za nyavu chakavu, ni nani atakayeamini kwamba amekuja kuuliza tu?

Katika orodha hiyo sioni tarajio la aibu. Kila moja limetokana na malezi ya kazi ya mtu au na shida ya maisha yake. Aibu huanza pale kiongozi wa mradi asemapo: haya yote tuyaweke kando. Kwa kweli hayawekwi kando yote. Huwekwa kando ya mvuvi, ya mwanafunzi na ya ofisa mdogo. Ya mfadhili hayajawahi kuwekwa kando, kwa kuwa yameandikwa katika mkataba wa fedha. Na ya kiongozi hayawekwi kando, kwa kuwa yeye ndiye aandikaye. Wahenga walisema mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Lakini mtu aliyewahi kuona ngoma ikiwambwa ajua kwamba ngozi haitoi sauti mpaka ivutwe pande zote. Ikivutwa upande mmoja hulegea kwingine, na mpigaji hupata kishindo kisicho ngoma. Tofauti ya matarajio ndiyo kamba zetu. Wanaotutaka tuzilegeze kwa jina la umoja hawajawahi kuwamba.

Sasa niseme juu ya taaluma yangu, maana katika miradi hii sisi watu wa lugha tumepewa kiti cha karibu na mlango. Hutarajiwa tufasiri, basi. Nimewahi kuitwa katika mradi mmoja wa uvuvi, ambao sina haja ya kuutaja, maswali yakiwa yamekwisha tungwa kwa Kiingereza na kupitishwa na wakubwa. Nikapewa majuma mawili niyatie katika Kiswahili. Swali mojawapo liliuliza kama rasilimali za ziwa zimepungua. Nikawaeleza kwamba neno rasilimali, kabla ya kuwa neno la mikutano, ni mali ya kuanzia biashara, mtaji wa mtu. Mvuvi akiulizwa juu ya rasilimali atafikiri chombo chake, mashine yake, nyavu zake na fedha alizokopa. Samaki aliyemo majini kwake ni riziki, na riziki haina mwenyewe mpaka ivuliwe. Tofauti hii haikuwa ya msamiati tu. Ndani yake mlikuwamo mzozo mzima ambao mradi ulidai kuutafiti: je, samaki ni mali ya kulindwa na serikali, au ni riziki ya kila mwenye chombo? Nikajibiwa kwamba maswali hayabadiliki, kwa kuwa yataulizwa vile vile katika nchi nyingine ili majibu yalinganishwe. Yakaulizwa vile vile. Majibu yakahesabiwa kwa ufundi mkubwa, na hesabu ikatoka sahihi juu ya swali ambalo wajibuji hawakuulizwa.

Naleta habari hii kwa sababu inaonyesha mahali hasa ambapo matarajio hugongana. Hayagongani mwishoni, wakati wa kugawana sifa, kama watu wadhanivyo. Hugongana siku swali linapozaliwa. Asiyekuwako siku hiyo hawezi kuurekebisha utafiti baadaye. Kazi yake itakuwa kuupaka rangi.

Kuna na suala la jina. Mwaka 1978 wahariri wa majarida ya tiba walikutana Vancouver, Kanada, wakaanza kuweka taratibu ambazo leo hufuatwa na majarida mengi hata nje ya tiba. Taratibu hizo sasa zina masharti manne kwa atakayeitwa mwandishi: awe ametoa mchango mkubwa katika kuibuni kazi au katika kuzipata na kuzichambua data zake, awe ameiandika au kuisahihisha kwa uzito, awe ameidhinisha nakala ya mwisho, na awe tayari kuwajibika kwa yote yaliyomo. Masharti hayo si mabaya, na taratibu hizo zenyewe zasema kwamba aliyetimiza sharti la kwanza apewe nafasi ya kutimiza yaliyobaki. Lakini mzee wa mwalo aliyewaonyesha watafiti mahali samaki wazaliapo, na majira yake, na jina la kila upepo, atapewaje nafasi ya kusahihisha makala ya Kiingereza iliyoletwa usiku wa kuamkia siku ya kuitoa? Hivyo jina lake huishia katika shukrani, pamoja na dereva na mpishi, na mara nyingi hata si jina, ni maneno matatu: wananchi wa eneo. Nasi watu wa fasihi na historia, tuliozoea kuandika peke yetu, hatuna haki ya kucheka. Tumechapisha ngano na tenzi za watu kwa majina yetu, na msimuliaji tukamwita mtoa habari.

Nitajibiwa kwa hoja tatu, nami yanipasa kuzisikia.

Ya kwanza yasema kwamba matarajio yote yakitajwa siku ya kwanza, mradi utavunjika kabla haujaanza. Yamkini. Lakini mradi uwezao kuvunjwa na ukweli siku ya kwanza utavunjwa na ukweli huo huo mwaka wa tatu, fedha zikiwa zimekwisha, na watu wa mwalo wakiwa wamejifunza kumfungia mtafiti ajaye mlango. Kuvunjika mapema ni hasara ndogo.

Ya pili yasema kwamba imani hujengwa kwa muda, wala si kwa karatasi. Watu wakifanya kazi pamoja watazoeana. Hoja hii ina sura ya upole, nami naiogopa kuliko nyingine. Nani huambiwa aamini bila karatasi? Mfadhili haambiwi, maana yeye ana mkataba na mkaguzi wa hesabu. Chuo hakiambiwi. Huambiwa yule asiye na mwanasheria. Imani idaiwayo kwa mnyonge peke yake ina jina jingine katika lugha yetu, nalo ni kudanganywa polepole.

Ya tatu ndiyo yenye nguvu. Yasema kwamba matarajio hubadilika kazi inapoendelea, kwa hiyo kuyaandika ni kuyafunga. Ni kweli hubadilika. Aliyekuja kutafuta dawa huondoka na swali la mipaka ya ardhi. Lakini hiyo ni sababu ya kuyaandika upya kila msimu, si sababu ya kutoyaandika. Nahodha hubadili tanga upepo ugeukapo, lakini ajua alikuwa akielekea wapi kabla haujageuka.

Basi nini kifanywe? Sitaki kumaliza kwa malalamiko.

Kwanza, kila mradi wa namna hii uwe na siku ya matarajio, nayo itangulie siku ya maswali. Kila mshirika, kuanzia mfadhili hadi mwanamke mwenye kikaango, aseme mambo mawili: angojea nini, na lini, na jambo gani likitokea atalihesabu kuwa hasara. Yaandikwe kwa jina na tarehe, kwa lugha ya pale mwaloni. Kiswahili chatosha kwa hili mahali pengi, na pasipotosha uwepo Ukara au Ukerewe, Bukoba au Kisumu, na itumike lugha ya hapo. Anayeona kwamba jambo hili halisemeki ila kwa Kiingereza, huyo hajalielewa jambo lake.

Pili, kila tarajio lijibiwe. Hapa ndipo penye ushujaa. Kusikiliza matarajio ya watu kisha kunyamaza ni hila mbaya kuliko kutowauliza. Mvuvi atarajiaye nyavu aambiwe hadharani kwamba nyavu hazimo, ili aamue mwenyewe kama saa zake tatu azitoe. Ofisa atarajiaye takwimu za kuhalalisha amri iliyokwisha tolewa aambiwe hapana. Mfadhili atarajiaye hadithi ya mafanikio naye aambiwe hapana, ingawa sauti ya mwenye kusema itatetemeka. Si kila tarajio lastahili kutimizwa. Kila moja lastahili jibu.

Tatu, fedha zisomwe mbele ya wote. Mgawo wa fedha ndio ungamo la kweli la matarajio ya mradi. Andiko lisemalo kwamba jamii ni mshirika sawa, kisha likaipa posho ya soda, limekwisha jieleza.

Nne, taarifa iruhusiwe kuwa na hitimisho mbili au tatu, kila moja na mwenyewe. Lau wanabiolojia wa mwaka 1985 na wachumi wa mwaka 1988 wangeliandika kitabu kimoja chenye sura mbili zipinganazo, na sura ya tatu ya mwaloni, tungelikuwa na kitabu bora juu ya sangara kuliko taarifa yoyote ya maafikiano.

Nao watakaosema kwamba haya ni ndoto ya mtu wa fasihi, na watazame kusini. Mwezi wa Machi 2017 Wasani wa Afrika ya Kusini, watu waliochunguzwa kuliko wengi duniani, walitangaza Cape Town kanuni zao wenyewe kwa kila mtafiti atakaye kwenda kwao. Kanuni hizo zataka heshima, ukweli, haki, uangalifu, na kufuata utaratibu walioupanga wao. Hawakungoja kualikwa katika lengo la mtu. Waliandika matarajio yao, wakayaweka mlangoni, na mgeni akayasoma kabla hajabisha hodi. Sioni kwa nini mialo ya Ziwa Victoria, wavuvi wa Mafia au wafugaji wa Longido wasiweze kufanya vivyo hivyo. Wala sioni kwa nini idara za Kiswahili za vyuo vyetu zisiwe za kwanza kuwasaidia kuandika, maana hiyo ni kazi yetu hasa kuliko kufasiri madodoso.

Neno langu la mwisho ni kwa wanafunzi, kwa kuwa ndio watakaoitwa kesho katika miradi hii, wakiwa wadogo katika chumba cha wakubwa. Mtaambiwa kwa tabasamu kwamba hapa hakuna mambo ya taaluma yangu na taaluma yako, hapa tuna lengo moja. Msikasirike, wala msinyamaze. Ulizeni kwa adabu lengo hilo liliandikwa lini, na nani, na kwa lugha gani, na ni nani hakuwako. Mkijibiwa vizuri, fanyeni kazi kwa mioyo yenu yote. Mkiambiwa kwamba maswali hayo yanachelewesha kazi, basi mmekwisha kujua kazi hiyo ni ya nani.